Krenki sensa inakufa kila mara, shida iko wapi?

SWALI: Habari za kazi kaka fundi. Naishi Igoma hapa Mwanza, nina Toyota IST ya 2003, injini 1NZ, nabebea dagaa toka Mwaloni Kirumba kupeleka Magu. Gari ikishapata moto inazima yenyewe barabarani, mara nyingi nikishapita Kisesa, napiga stata wee haiwaki, nakaa pembeni mpaka ipoe ndo inawaka vizuri kabisa. Gereji wakipima na mashine inaleta kodi ya hitilafu P0335, wanasema krenki sensa, nanunua, wanafunga, inatembea wiki kadhaa halafu yaleyale. Sasa wanataka ninunue nyingine tena. Nifanyeje?

JIBU: Pole sana dada yangu. Nyingine usinunue kwanza. P0335 haimaanishi sensa imekufa, inamaanisha kompyuta ya gari haipati sawasawa taarifa za mzunguko wa krenki, ile shafti kuu ya injini inayozungushwa na pistoni, na taarifa hizo zinapita kwenye sensa, kwenye soketi yake, na kwenye waya zote mpaka kwenye kompyuta. Mafundi wengi wanaishia kwenye sensa kwa sababu ndo rahisi kubadilisha, na inaniuma maana anayelipa ni wewe.

Utauliza mbona ikifungwa mpya inapona kwa muda? Kuchomoa na kuchomeka soketi kunakwangua kutu kwenye pini na kunasogeza waya uliokatikia ndani, basi zinagusana tena kwa muda.

Kwenye 1NZ hiyo sensa iko chini karibu na puli ya krenki, na gari ya umri huo sili ya mbele ya krenki, ule mpira unaozuia oili isitoke, ikichoka, au kava la cheni likivuja, oili inashukia hukohuko, inaingia kwenye soketi, inalainisha mpira wa waya, na bado kuna joto la injini, na kama huwa unaoshewa injini kwa mashine ya presha maji nayo yanaingia. Mwambie fundi amulike na tochi. Kama pamelowa oili, sili kwanza, mengine baadaye.

Halafu apime. Sensa hiyo ina waya mbili tu, apime omu zake, yaani ukinzani wa umeme, injini ikiwa baridi aandike, kisha mtembee mpaka izime apime tena palepale ikiwa ya moto, hapa wengi wanakosea, wanapima gereji gari imeshapoa. Omu zikipanda kidogo ni kawaida, ila mita ikionyesha njia imekata, hapo kweli sensa ni mbovu, tafuta yenye namba ileile ya sensa ya zamani na uwe makini na feki. Zikiwa sawa, apimie upande wa kompyuta huku mtu anatikisa waya taratibu, namba zikirukaruka umempata mchawi. Pia mkipiga stata aangalie RPM, yaani mizunguko ya injini kwa dakika, kwenye mashine ya kupimia, kama injini inazunguka lakini mashine inasoma 0, taarifa hazifiki.

Waya mbovu ukatwe uungwe kwa kuchomelewa risasi na kufunikwa vizuri, sio kusokota na kuzungushia tepu, tepu kwenye oili na joto haikai.

Na barabara ile ya Musoma ina malori, gari ikizima mwendoni usteringi unakuwa mzito na breki inabaki na nguvu ya kukanyaga mara chache tu, kwa hiyo usipampu, kanyaga moja ya kushikilia, washa hazadi, toka pembeni. Mpaka ipone, mzigo wa Magu tafuta gari nyingine ibebe.