Nitatuliaje wakati mfukoni hamna kitu? Jibu langu kutoka Kibirizi

Mdogo wangu, swali lako na mimi niliwahi kulia nalo. Kazi imesimama, marejesho yanakuja, mtoto anadaiwa hela ya hosteli, na kila unayemweleza anakwambia "tulia, mwachie Mungu". Unatuliaje? Nitakujibu kwa yaliyonipata mwenyewe hapa Kigoma.

Mimi ni muuza dagaa, mwalo wa Kibirizi. Nanunua wabichi alfajiri mitumbwi ikirudi, naanika kwenye chanja, nasafirisha. Mwaka 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wapate kuzaliana. Tulitangaziwa mapema, siwezi kusema tulishtukizwa. Lakini mzigo wangu wa Aprili ulinyeshewa ukiwa kwenye chanja, nikauuza kwa bei ya chakula cha kuku, na mtaji wenyewe ulikuwa wa mkopo, ile mikopo ya riba kubwa tunayoiita kausha damu. Marejesho kila Jumatatu.

Nikawa silali. Saa tisa usiku, muda niliozoea kuamka kwenda mwaloni, nakaa kitandani najumlisha deni lilelile kama vile nikilirudia litapungua. Kuomba nilikuwa naomba, ila ukisikiliza vizuri ilikuwa hesabu tu, namsomea Mungu madeni.

Wiki ya pili ya katazo nikaenda mwaloni vilevile, miguu imezoea. Chanja tupu. Magamba yalikuwa yameganda kwenye nyavu za kuanikia, jua likachomoza yakaanza kumetameta. Hakuna anayeita bei, hakuna injini. Nikageuza ndoo yangu nikaikalia, na ukanijia ule mstari wa 10 wa Zaburi ya 46. Wengi wanausema "tulieni", lakini Biblia ya Union niliyokulia nayo inasema, "Acheni, mjue ya kuwa Mimi ni Mungu." Acheni! Ndiyo kauli tunayompa mtoto aliyeng'ang'ania kisu. Nimeambiwa niachie kitu kilichomo mkononi mwangu, na mimi nilikuwa nimeshika ile hesabu ya saa tisa usiku kwa mikono miwili.

Nikaenda nyumbani nikaiandika yote kwenye daftari. Tangu siku ile naifungua mchana tu. Usiku ikinijia namwambia Mungu, "Iko kwenye daftari, Baba, nawe unaiona," nageukia upande wa pili. Siku za kwanza sikulala hata hivyo. Ilichukua kama wiki tatu.

Na usijilaumu kwa kuuliza. Soma Walawi 25, pale Mungu anapoagiza ardhi ipumzike mwaka wa saba. Anataja mwenyewe swali watakalouliza watu, watakula nini mwaka huo? Halafu analijibu, bila kumkaripia mtu. Niliisoma sura ile ziwa letu likiwa limepumzishwa, nikalia.

Kuacha hakukuwa kukaa bure. Nilimfuata aliyenikopesha kabla hajanifuata, nikamweleza ukweli. Alinifokea mbele za watu na riba hakupunguza, ila alikubali nilipe nusu nusu. Jirani yangu, mama wa Kiislamu anayeleta mawese kutoka Mwandiga, akanishushia madumu mawili kwa mali kauli, nimlipe nikishauza. Sikumwomba. Alisema tu, "Mola hamtupi mja wake," akaingia kwake. Nikapima kwenye chupa, nikazunguka nayo mitaani. Faida ilikuwa unga wa muhogo na maharage ya siku ile, basi. Habari ya mana katika Kutoka 16, kwamba aliyeweka mpaka kesho ilitoa mabuu, tangu utoto niliijua kama habari ya walafi. Mwaka ule niliisoma kama mama asiyejua unga wa Alhamisi utatoka wapi, na Alhamisi ikifika tunakula.

Sikudanganyi kwamba yote yalinyooka. Simu niliyoiuza sijaipata tena, na deni liliisha Desemba, miezi minne baada ya ziwa kufunguliwa. Tena kuna watu watakwambia utoe hela ya unga iwe "mbegu" ili Mungu akufungulie. Usitoe. Mungu aliyewalisha watu jangwani hakuwadai kwanza, na mwenye njaa anayechukuliwa unga wake kwa jina la Mungu anaonewa.

Hela ya hosteli usisubiri mpaka mtoto arudishwe nyumbani. Jumatatu asubuhi nenda mwenyewe kwa mwalimu mkuu, mweleze kazi imesimama lini na kwa wiki unaweza kutoa kiasi gani, hata kiwe kidogo. Mimi walinikubalia, nikamaliza Oktoba. Na leo usiku ukishtuka, usiiguse simu. Toka nje ukae hata kwenye kizingiti, mwambie Mungu kitu kimoja tu unachohitaji kesho, halafu nyamaza.