Daftari jeusi la meneja wetu

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama mameneja wafundishwe kupokea malalamiko ya wafanyakazi. Mimi nauliza: akishafundishwa, ufunguo wa kabati la hela anao nani? Hapa Kigoma nimefanya kazi sehemu tatu, na kote meneja alikuwa mtu wa kuomba hata hela ya sabuni kwa simu. Mfundishe kusikiliza, asikilize, halafu?

Nilikuwa karani wa ghala la saruji huku chini bandarini, mzigo wa Kalemie na Bujumbura. Meneja wetu alikuwa mtu wa kufoka. Ukimpelekea shida asubuhi anakukaripia mbele ya makuli, ila jioni anakuita pale kwenye mwembe: "Dada, lile jambo lilikuwaje?" Na mara nyingine lilikwisha kweli. Wakampeleka semina ya siku tatu. Akarudi na sauti ya chini kama mtu aliyeko msibani. Ukisema lolote, "Nimekuelewa, nitalifanyia kazi," huku anaandika kwenye daftari jeusi: tarehe, saa, jina, kisha unasaini. Likatundikwa na sanduku la maoni, chini ya dirisha lake mwenyewe! Nililiona likifunguliwa mara moja tu, ikatoka vocha iliyokwanguliwa.

Mlinzi wetu wa usiku, mtu mzima wa Ujiji, tulimwita Baba Mkubwa. Kuingia saa 12 jioni, kutoka saa 12 asubuhi. Mwenzake wa mchana alikuwa mgonjwa wa kila Jumatatu, basi mzee anaunganisha, jua linamkuta pale pale getini na koti lake la usiku. Chai na mhogo nilimpelekea mimi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 hairuhusu kupita saa 12 kwa siku, na saa za ziada ni malipo mara moja na nusu. Yeye hakuona hata shilingi. Alilalamika mara nne, mara nne akaambiwa litafanyiwa kazi. Jumatatu moja tajiri akamkuta amesinzia saa nne asubuhi. Akamfukuza palepale.

Nakiri, nilimchukia meneja kuliko tajiri.

Mzee akaenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kule kwa migogoro ya kazi, kabla siku 30 tangu afukuzwe hazijaisha. Sikuwepo, nasimulia alivyonisimulia yeye, tukila migebuka kwake. Tajiri alisema hajawahi kusikia lalamiko lolote. Msuluhishi akamgeukia meneja. Meneja akatazama chini, muda mrefu, mzee anasema alidhani amesinzia na yeye. Kisha akafungua begi, akatoa daftari jeusi. Malalamiko yote manne na tarehe zake, saini tatu na dole gumba moja, siku ambayo mzee alisahau miwani. Wakaelewana siku hiyohiyo, mzee akalipwa. Meneja hakumaliza mwezi pale kazini.

Nilianza kuandika nikitaka kusema semina ni hela ya kutupa. Sasa sijui. Yule wa zamani, wa mwembeni, angekuwa na nini cha kumwonyesha msuluhishi? Basi wafundisheni, hasa kuandika tarehe, ingawa ile sauti ya msibani waiache hukohuko. Kama nafasi ipo, mpelekeni na tajiri. Wangu namjua lakini, angemtuma dereva akamkalie kiti.

Karani mstaafu,
Mwanga, Kigoma