Zaidi ya zipi?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Naishi Boston na wanangu wawili waliozaliwa huku. Kila Novemba wanagombana juu ya tuzo ya MVP (Most Valuable Player) ya besiboli ya Marekani. Mkubwa anasema lazima iende kwa mchezaji wa timu iliyofanya vizuri. Mdogo anasema apewe aliyecheza vizuri kuliko wote, hata timu yake ikiburuza mkia. Nikiwasuluhisha kwa Kiswahili, niiite tuzo ya "mchezaji mwenye thamani zaidi", kama ninavyosoma magazetini, au ya "mchezaji bora"?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Watoto nitawafikia. Kwanza nimalizane na hilo neno "zaidi", maana nimelivumilia miaka mingi na leo umeniletea mpaka mlangoni.

Jumamosi iliyopita nilikuwa sokoni. Mbele yangu kijana mtanashati, simu mkononi, akamwambia mama muuza nyanya: "Nipe fungu lenye nyanya nzuri zaidi." Mama alikuwa na mafungu saba juu ya gunia, kila fungu nyanya nne chini na moja juu. Akamtazama kijana, akatazama mafungu, akauliza: "Zaidi ya zipi, baba?"

Kijana alidhani anachezewa. Wala! Aliulizwa swali la sarufi, tena na mtu anayeijua. "Zaidi" hudai mwenzake. Nyanya haiwi zaidi peke yake. Huwa nzuri zaidi ya ile, au nzuri kuliko zote, na "zote" ni haya mafungu saba yanayoonekana kwa macho. Ukisema "nzuri zaidi" ukanyamaza, umeanza kulinganisha na upande wa pili wa mizani umeuacha mtupu. Huo ni mtindo wa Kiingereza, na hata kanzu ukiuvika utaujua kwa mwendo. Lakini ndio tunaolishwa kila siku: tajiri zaidi, maarufu zaidi, mlima mrefu zaidi. Kwa mlima nimeshachoka kupigana. Kilimanjaro hakuna anayeigombea urefu, na mhariri ana nafasi finyu kwenye kichwa cha habari. Tuzo inagombewa, hapo sinyamazi.

Halafu "thamani". Imetoka kwenye Kiarabu, ambako thaman ni bei, na mpaka leo ina harufu ya duka. Msomaji anayefuata habari za usajili akisikia "mchezaji mwenye thamani zaidi" anaelewa yule wa bei mbaya. Kwa maana hiyo tuzo haihitaji kura, inahitaji mhasibu. Desemba 2023 mchezaji Shohei Ohtani alisaini na timu ya Dodgers mkataba wa dola milioni 700 kwa miaka 10, mkubwa kuliko wowote wa besiboli uliotangulia. Angekabidhiwa tuzo na karani wa benki.

Utaratibu wenyewe ni mwingine kabisa. Tangu 1931 wanaoamua ni waandishi wa habari za besiboli. Besiboli hiyo ina ligi mbili, kila moja na tuzo yake, na siku hizi kila ligi ina wapiga kura 30, wawili kwa kila timu. Kila mmoja hupanga majina kumi: wa kwanza hupata pointi 14, wa pili 9, wa tatu 8, hivyo hivyo hadi wa kumi mwenye pointi 1. Kura hupigwa kabla ya mechi za mtoano kuanza. Na karatasi ya kura inakiri yenyewe kwamba jina la tuzo halina maana moja iliyo wazi. Kila mpiga kura aamue nani alistahili jina hilo kwa timu yake, na si lazima atoke kwenye timu iliyofuzu mtoano. Kwa hiyo mkubwa wako ana sharti lake mwenyewe, ambalo wenye tuzo hawakuliweka.

Ila hayo maneno "kwa timu yake" ndiyo yenye uzito, na "thamani zaidi" imeyatupa. Kiswahili kina kitenzi kinachoyabeba: kufaa. Huwezi kufaa hewani, lazima umfae mtu. "Mchezaji aliyeifaa timu yake kuliko wote": tazama ile -i- iliyokaa katikati ya kitenzi, ndiyo timu yenyewe, na haiachwi nyuma hata ukitaka. Wahenga nao wamesema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Hawakusema akufaaye mkiwa mnaongoza ligi.

Mkubwa atakwambia: timu imeshika mkia, amewafaa nini? Hoja hiyo ina wazee wake. Inasimuliwa kwamba Ralph Kiner, mpigaji hodari wa timu ya Pittsburgh iliyomaliza mwisho mwaka 1952, alipokwenda kudai mshahara, bosi wake Branch Rickey alimjibu kuwa tumeshika mkia ukiwepo, tunaweza kuushika usipokuwepo. Jibu tamu, lakini ni la mtu anayetetea mfuko wake. Mwaka 1987 waandishi hawakulifuata: walimpa tuzo Andre Dawson, aliyepiga mipira 49 ya kuvuka uzio, na timu yake, Cubs, ilikuwa ya mwisho katika kundi lake.

Mwaka 2012 ndio nauguza mpaka leo. Miguel Cabrera wa Detroit aliongoza ligi yake kwa mambo matatu makuu ya upigaji kwa mpigo, jambo lisiloonekana tangu 1967. Sawa, kijana kapiga. Mike Trout wa Angels alimzidi kwa mbio na kwa ulinzi. Cabrera akazoa kura 22 za nafasi ya kwanza kati ya 28 (wakati huo wapiga kura wa ligi yake walikuwa 28), na baadhi ya watetezi wake walijivunia kwamba timu yake imefuzu na ya Trout imebaki nyumbani. Basi sikiliza: Angels walishinda mechi 89, Detroit 88! Detroit walipita kwa sababu kundi lao lilikuwa jepesi. Hoja hiyo inamtuza mtu kwa unyonge wa majirani zake.

Kwa hiyo mdogo ameshinda. Ohtani alipata kura zote za nafasi ya kwanza mwaka 2021, na tena 2023, akiwa na Angels walioshindwa mechi nyingi kuliko walizoshinda. Waandishi wameanza kusikia.

Ukishindwa kusema "aliyeifaa timu yake kuliko wote" kwa pumzi moja, sema "mchezaji bora". Ni fupi, inaeleweka, nami huitumia nikiwa nimechoka. Ila usije ukaniandikia kwamba fulani "alichaguliwa kama mchezaji bora". Huchaguliwa kuwa, aliye "kama" amefanana naye tu. Hilo niletee siku nyingine, mkewangu anauliza nyanya ziko wapi.