Msinunue kile kibanda cha kupuliza dawa. Mimi ndiye niliyesaini hundi, nakijua

Mkuu mleta uzi, simama hapo hapo. Umeandika kwamba shule yenu inafunguliwa wiki tatu zijazo, kamati ya wazazi imeshachangisha, na "tumeshakubaliana" kuweka getini kibanda cha kuwapulizia watoto dawa ya kuua virusi vya Korona. Halafu ukauliza habari za zamu za madarasa, watoto wanaoogopa kurudi, na namna ya kufidia vipindi vilivyopotea. Hayo yanaweza kusubiri. Kwanza hicho kibanda. Kama hundi haijasainiwa, msiisaini. Kama imesainiwa, kimbieni benki.

Sisi tulinunua. Mhazina wa kamati nilikuwa mimi. Sahihi ni yangu, tena niliichora kwa mbwembwe kama nasaini mkataba wa amani.

Muuzaji alikuja amevaa koti jeupe. Si daktari, si mkemia, koti tu. Akatuonyesha video ya watu wakipita kwenye ukungu wakitabasamu, akasema dawa yake inaua asilimia 99.9 ya vijidudu. Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza: inaviua wapi? Maana mgonjwa wa Korona anabeba virusi puani, kooni na kwenye mapafu, hakuvivaa kama shati. Umpulizie klorini mpaka alowe chapachapa, akifika darasani akafumbua mdomo anavitoa vilevile. Sisi watu wazima kumi na mmoja, wengine wana shahada, tukaitikia kwa vichwa.

Kinachoniuma zaidi, jibu lilikuwepo na lilikuwa bure. Mei 2020 Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshaandika kwamba kumpulizia mtu dawa, kwenye kibanda au kwenye njia ya kupita, hakushauriwi kwa hali yoyote ile: kunaweza kumdhuru, na hakumpunguzii uwezo wa kuambukiza wengine. Tulinunua miezi kadhaa baadaye. Waraka tuliusoma baada ya kulipa, kama kawaida yetu sisi binadamu na maelekezo.

Sasa sikia siku ya kufungua ilivyokuwa. Kibanda kinapitisha mtoto mmoja mmoja. Watoto mamia. Kwa hiyo tulichotengeneza ni foleni ya nusu saa, watoto wamebanana getini wakipumuliana visogoni, wakingoja kwenda kukingwa na msongamano. Wanatoka upande wa pili macho mekundu, kola zimelowa, wanapiga chafya. Umeuliza kuhusu watoto wanaoogopa? Wetu waliogopa kibanda kuliko Korona. Siku ya tatu mtoto mwenye pumu alibanwa kifua palepale getini. Alipona, namshukuru Mungu, lakini baba yake alinifuata mpaka nyumbani na sikuwa na neno la kumwambia. Nilimkaribisha kiti, akakataa kukaa.

Na huko madarasani je? Jioni tulikuwa tunapuliza dawa kwenye madawati, kisha tunafunga kila kitu "dawa ifanye kazi". Asubuhi madirisha yanabaki hivyo hivyo, maana nusu yake yalikuwa yamegandishwa na rangi na mengine yamepigiwa misumari tangu enzi ambazo hakuna anayezikumbuka. Hakuna aliyeliona hilo kuwa tatizo. Macho yetu yote yalikuwa getini kwenye ukungu.

Wiki ya pili mwalimu mmoja akaugua Korona. Asubuhi ile alipimwa joto: 36.4. Safi kabisa, akaruhusiwa. Mtu anaweza kuambukiza siku kama mbili kabla ya kujisikia vibaya, na wapo wasiojisikia vibaya kabisa, kwa hiyo kile kipimajoto cha kuelekezea watu kwenye paji la uso kilitupa imani ambayo hakikuwa nayo. Alifundisha vipindi viwili mfululizo kwenye chumba kilichofungwa, barakoa kaishusha kidevuni ili sauti ifike nyuma. Baadaye watoto wanne wa darasa hilo wakakutwa na Korona. Waliambukizwa pale au kwingine, siwezi kuapa. Ninachojua ni kwamba darasa zima lilikaa nyumbani siku 14 na kamati haikuwa na hata senti ya kurekebisha lolote.

Ndipo mzazi mmoja fundi seremala, ambaye kwenye vikao vyetu hatukuwahi kumpa nafasi ya kusema, akaja na nyundo, patasi na grisi. Siku moja. Madirisha yote pande zote mbili yakafunguka. Kazi yake nzima ilikuwa nafuu kuliko dumu moja la ile dawa. Tukaazima kifaa cha kupima hewa ya kaboni dioksidi, maana hewa tunayoitoa ikirundikana ndiyo dalili kwamba tunavuta pumzi za wenzetu. Nje kilisoma 400 na kitu (yaani sehemu 400 na kitu za kaboni dioksidi kwa kila sehemu milioni za hewa). Darasani tukiwa tumefunga, kilipita 2,000 kabla kipindi hakijaisha. Tulipofungua pande zote mbili kikashuka chini ya 800. Nilikaa nakitazama kama mtu anayetazama taarifa ya benki.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, nimeilipia, wewe ichukue bure: USINUNUE CHOCHOTE KABLA MADIRISHA HAYAJAFUNGUKA. Nenda kesho, dirisha kwa dirisha, kwa mkono wako, usiulize ofisini. Utaambiwa "yanafunguka". Yasukume. Chumba chenye madirisha upande mmoja tu, mlango ubaki wazi, na feni kama ipo ielekezwe ipulize nje. Zikibaki hela ndipo mnunue barakoa na sabuni. Maji tiririka na sabuni kwa sekunde 20 yanatosha mikono, hayahitaji koti jeupe.

Mwenyekiti wetu (salamu kwake, najua anasoma humu) alituambia "wazazi wanataka kuona kitu". Hapo ndipo alipotumaliza. Kibanda kinapigwa picha, dirisha lililo wazi halipigwi picha na mtu.

Upande wa familia, nakuomba ukague jambo moja: je, shule yenu inatoa zawadi kwa asiyekosa hata siku moja? Sisi tulikuwa nayo. Wazazi wakawa wanawapa watoto dawa ya kushusha homa saa kumi na mbili asubuhi na kuwaleta, kipimajoto kinasoma vizuri, mtoto anakohoa mpaka saa nane. Futeni hiyo zawadi, na mwambieni kila mzazi kwa mdomo kwamba mtoto akibaki nyumbani kwa kikohozi hakuna atakayemwita mkorofi. Wazazi wetu waliokuwa wanaficha ugonjwa, tuliwafundisha sisi wenyewe.

Nimeandika sana, simu inakaribia kuzima. Huyo muuzaji wenu akija tena, mwangalieni mfuko wa koti lake: kama una doa la wino upande wa kushoto, ni yule yule, kalamu yangu ndiyo iliyovuja siku ya kusaini. Na kama baada ya haya yote bado mnakitaka kibanda, chetu kipo nyuma ya stoo tunawekea mafagio. Nawapa bure, usafiri juu yenu.