Safari ya Bled na Mama Mkwe: Je, Mpaka Upo au Haupo?

SWALI

Ndugu Mhariri,

Mimi na mume wangu tunaishi Munich. Mama mkwe amekuja kututembelea kutoka Arusha kwa visa ya Schengen ya kuingia mara moja. Tumepanga kukodi gari tumpeleke kuliona ziwa la Bled, nchini Slovenia, kupitia Salzburg, Austria, kuanzia tarehe 30 Oktoba hadi 2 Novemba. Mimi nimezoea mpaka wa Namanga, ambako gari husimama, pasipoti zikagongwa muhuri na karatasi za gari zikakaguliwa. Hapa kila ninayemuuliza ananiambia hakuna mpaka, jambo ambalo linanitia wasiwasi zaidi. Ninahofia kwamba tukishatoka Ujerumani visa ya mama itahesabiwa kuwa imetumika, azuiwe kurudi. Je, hofu yangu ina msingi, na tujiandae vipi?

Msomaji, Munich

JIBU

Dada yetu, hofu hiyo nimeisikia kwa watu wengi, na wengine wamewanyima wazazi wao safari nzuri kwa sababu yake. Itoe moyoni. Ujerumani, Austria na Slovenia zote zimo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa kawaida wa pasipoti kati yao, na kwa hesabu ya visa eneo hilo ni kama nyumba moja: mama aliingia siku aliyoshuka kwenye ndege, na atahesabiwa ametoka siku atakapoondoka kurudi nyumbani. Kutoka sebuleni kwenda ukumbini hakuhesabiwi kuwa ametoka nje. Hata mkiamua kuteremka hadi Croatia hakuna tatizo, kwa kuwa nchi hiyo ilijiunga na Schengen tarehe 1 Januari 2023. Bosnia, hata hivyo, haimo, na mama akiingia huko kwa visa ya mara moja atakuwa ameufunga mlango nyuma yake.

Pamoja na hayo, ichukue pasipoti ya mama na uisome stika ya visa kwa makini kabla ya kulipia chochote. Tazama mambo matatu: sehemu inayotaja nchi ambazo visa inakubalika, ambayo kwa kawaida hutaja nchi zote za Schengen, lakini mara chache huitaja nchi moja tu, na hapo safari haipo; tarehe ya mwisho; na idadi ya siku anazoruhusiwa kukaa, ambayo inaweza kwisha kabla ya tarehe hiyo ya mwisho. Nyinyi wawili mtasafiri kwa pasipoti zenu pamoja na kadi za kibali cha kuishi Ujerumani, ambazo zinawaruhusu kutembelea nchi nyingine za Schengen hadi siku 90 katika kila siku 180. Kama kadi ya mmoja wenu imekwisha muda na amepewa karatasi ya kusubiria tu, aulize kwanza ofisi iliyompa, kwa sababu karatasi hizo hazifanani na baadhi yake hazimpi mtu ruhusa ya kutoka na kurudi.

Wanaokwambia hakuna mpaka wanasema nusu ya ukweli. Ujerumani imekuwa ikikagua watu kwenye mpaka wake na Austria tangu mwaka 2015, na mwezi Septemba 2024 ikaupanua ukaguzi hadi mipaka yake yote ya nchi kavu. Hakuna muhuri, na magari mengi hupungiwa mkono yapite, lakini likisimamishwa lenu kila mtu atadaiwa pasipoti yenyewe, kwa kuwa picha iliyomo kwenye simu haitoshi. Niliwahi kurudi na mgeni wangu kutoka Salzburg siku ya mvua, na pasipoti yake ilikuwa ndani ya begi, begi likiwa chini ya mizigo yote kwenye buti. Tuliishusha mizigo kando ya barabara mmoja mmoja, mzee wa watu akitetemeka na kuomba radhi kwa kosa ambalo lilikuwa langu mimi niliyemwalika. Tangu siku hiyo pasipoti za wageni wangu hukaa kwenye mkoba wa mbele, pamoja na hati ya bima ya afya iliyotolewa kwa ajili ya visa, ambayo lazima ifikie angalau euro 30,000 na ifanye kazi katika nchi zote za Schengen.

Sasa kuhusu gari. Unapokodi, taja kwa maneno wazi kwamba mnakwenda Austria na Slovenia, na uhakikishe mkataba unaziruhusu nchi zote mbili. Dereva ni yule tu aliyeandikwa kwenye mkataba, kwa hiyo kama mtapokezana, muandikishwe wote. Omba pia matairi ya baridi, kwani Austria huyadai kuanzia tarehe 1 Novemba pale barabara inapokuwa na theluji au barafu, na nyinyi mtakuwa milimani siku hiyohiyo. Kabla ya kuondoka na gari, fungua buti uone kwa macho yako kisanduku cha huduma ya kwanza, reflekta ya pembetatu na vizibao vya kung'aa. Vizibao viwekwe ndani ya gari, mahali ambapo mtu anaweza kukivaa kabla hajatia mguu barabarani.

Jambo linalowagharimu wageni wengi ni stika ya kulipia barabara kuu, ambayo Waaustria huiita Vignette na Waslovenia vinjeta. Siku hizi inanunuliwa mtandaoni na kufungwa kwenye namba ya gari, kwa hiyo anayekodi gari asiinunue hadi apewe ufunguo, kisha aiandike namba huku akiitazama, maana herufi O ikiandikwa kuwa sifuri umelipia gari la mtu mwingine. Kutoka mpaka wa Ujerumani hadi njia ya kutokea ya Salzburg Nord hamtadaiwa stika, kwa kuwa kipande hicho kilisamehewa mwezi Desemba 2019. Mkishika barabara ya A10 kwenda kusini mnaihitaji, na kwa kuwa mtapita siku mbili tofauti, ya siku 10 ni nafuu kuliko kununua mbili za siku moja moja. Upande wa Slovenia fupi kabisa ni ya siku 7. Inunueni kabla ya kufika, kwa sababu mpaka wa Austria na Slovenia uko ndani ya mlima, katikati ya handaki la Karawanken lenye urefu wa karibu kilomita 8, na mkitokeza upande wa pili mko tayari kwenye barabara ya kulipia. Faini ya kukosa stika huko huanzia euro 300. Mahandaki nayo, yaani Tauern na Katschberg kwa pamoja na baadaye Karawanken, yana malipo yake ya pembeni.

Mkishaingia Slovenia, taa za mbele ziwake mchana na usiku, ni sheria. Kumbuka pia kwamba tarehe 31 Oktoba na 1 Novemba ni sikukuu huko na maduka mengi hufungwa, kwa hiyo dawa za mama na vyakula vyake vinunuliwe mapema. Kanisa la kisiwani Bled lina ngazi 99 kutoka majini. Kama magoti yake hayamruhusu, msimlazimishe, kwa maana ziwa lote linaonekana vizuri kutoka kwenye njia tambarare ya ufukweni.

SWALI

Mimi ni mwanafunzi Stuttgart, nina miezi minane hapa. Rafiki zangu wanataka niwaendeshe kwenda Strasbourg, Ufaransa, kwa leseni yangu ya Tanzania, kwa kuwa hawajui gari. Je, nikubali?

Msomaji, Stuttgart

JIBU

Usikubali, kijana wetu. Ujerumani huitambua leseni ya Tanzania kwa miezi sita tangu siku ulipoanza kuishi hapa. Muda huo huongezwa kwa anayethibitisha kwamba hatakaa zaidi ya miezi 12, na ombi lake likakubaliwa. Baada ya hapo unatakiwa kufanya mtihani wa nadharia na wa barabarani, na ukiendesha bila kufanya hivyo, kosa lako ni la jinai wala si faini ya kawaida ya trafiki. Kwa Strasbourg wala gari halihitajiki. Pandeni treni hadi Kehl, mji wa mwisho wa Ujerumani, kisha mchukue tramu ya mstari D, ambayo tangu mwaka 2017 inavuka mto Rhine na kuwashusha katikati ya mji. Pasipoti na vibali vyenu viwe mifukoni, kwa sababu hata abiria wa tramu anaweza kuulizwa.