Kabla Hujaisogeza Boti Karibu na Gati

Kijana mmoja tunayefanya kazi naye hapa Viwandani amenunua boti. Ni ya faiba, futi 14, mashine ya nguvu farasi 15, na ameiacha Kilifi kwa shemeji yake. Jumatatu alinijia na swali: "Kaka, nianzie wapi kuvua?" Nilimwambia aanzie kwenye magati, kwa sababu samaki wapo na nchi kavu iko karibu. Baadaye nikaona jibu hilo halitoshi hata kidogo. Gati ndilo lililokaribia kunizamishia chombo changu. Basi namwandikia yeye, na wenzake wa Nairobi wanaoteremka Pwani wikendi na boti ambazo bado hawajazizoea.

Neno langu la kwanza ni tarehe. Sisi huku bara huchagua siku ya kuvua kwa kutazama mshahara na ruhusa ya kazini, lakini bahari inafuata mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku moja mbili baada ya hapo, huwa ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu, tuseme mwezi 8 au mwezi 22 kwa hesabu ya wavuvi (siku ya 8 au ya 22 tangu mwezi uandame), ni maji mafu, hayapandi wala hayashuki kwa kishindo.

Sasa tazama saa. Pwani yetu, wakati wa bamvua, maji hujaa kwenye saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na kupwa kwenye saa nne asubuhi na saa nne usiku. Basi la usiku likikushusha Kilifi alfajiri, ukanywa chai, ukatia mafuta, ukapakia vitu, unaingia majini saa moja asubuhi. Hiyo ndiyo saa ambayo maji yanatoka kwa nguvu zake zote kurudi baharini, na kila nguzo ya gati imesimama katikati ya mkondo. Ungekuja wiki moja baadaye, kwenye maji mafu, ungekuta maji yanajaa taratibu hadi saa nne asubuhi, na boti inakusikiliza. Kwa hiyo safari zako tatu au nne za kwanza zipange kwenye maji mafu, hata kama itabidi ubadilishane zamu na mwenzako kazini. Hili nalisisitiza kuliko yote nitakayoyasema.

Jambo la pili nililijua kwa hasara. Ilikuwa bamvua, nami nimefika kwenye gati dogo la mbao saa nne, maji yamepwa kabisa. Nikafunga boti mbele na nyuma kwa kamba fupi zilizokaza, isigongegonge nguzo, nikapanda juu kutafuta chakula. Nilivyoona mimi, kuifunga imara ndiko kuitunza. Niliporudi saa saba na kitu nilikuta watu wameinama ukingoni. Maji yalikuwa yameinyanyua boti mpaka ubavu wake ukaingia chini ya boriti la gati, na zile kamba zilikuwa zimeikamata pale pale. Boti haikuweza kupanda tena, lakini maji yaliendelea kupanda. Nilisikia faiba ikilia, mlio mwembamba kama wa mlango unaofunguliwa polepole, na maji yakaanza kumwagikia ndani kupitia ubavu wa pili. Mzee mmoja aliyekuwa akivua pale kwa mshipi alishuka ngazi, akakata kamba ya nyuma kwa kisu chake cha chambo, kisha akanikabidhi kisu nikate ya mbele. Tuliisukuma nje kwa mabega. Kofia ya mashine ilipasuka, na ubavu una kovu mpaka leo. Hakukuwa na mtu ndani, alhamdulillahi.

"Mwanangu," aliniambia tulipokwisha kutoa maji, "chombo hufungwa kwa kukiachia."

Hesabu yenyewe ni hii. Mabaharia hugawa kimo cha maji yatakayopanda kwa mafungu 12. Saa ya kwanza hupanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Bamvua ikiwa ya mita 3.6, saa ya kwanza ni sentimita 30 tu, ndiyo maana unatazama na kuona hakuna kitu. Saa ya tatu peke yake ni sentimita 90. Ukifunga kwenye gati, funga kamba ndefu, fundo lifunguke kwa mkono mmoja, na mtu mzima abaki karibu. Bora zaidi, usifunge kabisa: shusha abiria, sogea, tia nanga mbali.

Kukaribia gati nako kuna adabu yake. Simama mita 40 hivi kabla hujafika, uitazame nguzo moja. Upande mmoja maji yatakuwa yameivimbia na kufanya mkunjo. Upande wa pili yataacha mkia laini wenye vizingia vidogo. Ule upande wa mkunjo ndiko mkondo unakotoka. Wewe njoo kwa upande wa mkia, omo, yaani mbele ya boti, imeelekea mkondo, mashine ikivuta kidogo kidogo. Ikizimika ghafla, maji yatakurudisha nyuma kwenye uwazi. Ukija kutoka upande wa pili na mashine ikazima, mkondo utakubandika kwenye nguzo ubavuni, na boti iliyobandikwa hivyo hulala na kunywa maji kabla hujafikia kasia. Upepo nao uangalie, maana wakati wa kusi, ule upepo wa kutoka kusini, unaweza kukusukuma kinyume na mkondo.

Nanga hutiwa kwa omo. Kuitia kwa nyuma kwenye mkondo, penye uzito wa mashine na ubao mfupi, ni kualika maji ndani. Kamba iwe mara tano ya kina, ukihesabu na maji yatakayopanda. Nanga yangu ya nondo nilichomelewa Kamukunji, mikono minne. Inashika vizuri kwenye mawe, ila kwenye mchanga laini huteleza mpaka uiongezee mnyororo wa mita mbili tatu mbele ya kamba. Usiitie mahali ambapo mkondo unaelekea moja kwa moja kwenye gati. Kaa pembeni, urushe mshipi kuelekea nguzo.

Na samaki? Wapo kwenye ule mkia wa nguzo, wamepumzika kwenye maji yaliyotulia huku mkondo ukiwapitishia chakula. Chaa na changu hupenda kipande cha kamba wa baharini au ngisi, ndoana ndogo, chubwi (risasi ya mshipi) nyepesi inayotosha tu kufika chini. Kolekole huja alfajiri kuwinda vidagaa kivulini. Kila baada ya kunasa samaki pitisha mita ya mwisho ya mshipi katikati ya vidole. Chaza walioganda kwenye nguzo huukwaruza, nawe utapoteza samaki mkubwa kwa mkwaruzo usiouona. Tasi akipanda usimkamate kwa kiganja. Miiba yake ina sumu yenye maumivu makali, kama ya samaki taa. Mimi hubeba chupa mbili za chai, moja ina chai, nyingine maji moto matupu: ukichomwa, tumbukiza mahali hapo kwenye maji ya moto kadiri ngozi inavyostahimili bila kuungua, na uelekee hospitali.

Wanaovua juu ya gati walikutangulia. Wengi ni wazee na watoto wenye mshipi mmoja tu, na rafadha yako, yaani panga la mashine, inaweza kuukata kwa sekunde moja. Punguza mwendo, wasalimie, uliza mishipi yao iko upande gani. Mimi huanza na shikamoo, na karibu kila mara hurudishiwa habari za mahali samaki walipo.

Karatasi nazo zisikupite. Boti isajiliwe na ikaguliwe na KMA, mamlaka ya usafiri wa majini ya Kenya, uvuvi uwe na leseni, na uulize ofisi ya BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo) ya mahali hapo mipaka yao. Karibu na bandari ya Kilindini, njia ya feri ya Likoni na maeneo ya jeshi la wanamaji usipeleke ndoana. Ukiwa Shimoni, kumbuka kuwa ndani ya hifadhi ya Kisite hakuvuliwi. Na Juni hadi Agosti, kusi linapovuma, mgeni abaki ndani ya mkono wa bahari.

Jaketi la kuokoa maisha livaliwe, lisikaliwe. Ile kamba nyekundu ya kuzima mashine ifungwe mkononi tangu unapowasha, kwa sababu karibu na nguzo ndipo mtu hujirusha kushika kitu na kuanguka. Makasia mawili, ndoo, kisu kinachofikika.

Kabla ya kung'oa nanga humwachia mtu wa pale gatini nambari ya simu ya mke wangu Nairobi, na saa ya kurudi. Yule mzee wa kisu ndiye ninayemwachia siku hizi. Nusu saa ikipita hajaniona, anajua nani wa kupigia.