Re: Siku moja York, nianzie pabu gani?

Mkuu umeuliza una siku moja tu York, kule Uingereza, uanzie pabu gani na kama ni kweli bia yao ni ya moto. Ya moto hapana aisee, ile ya pipa inakaa chini sela, yaani stoo ya chini ya pabu, kwenye nyuzi joto 11 hadi 13 hivi, sasa sisi tuliozoea chupa inayotoa jasho lazima tuione kama maji ya mtungini. Hawaiongezei gesi, hamira bado hai humo ndani inaendelea kuchachua, ndo maana inavutwa kwa ule mpini mrefu wa pampu ya mkono, taratibu mara mbili tatu mpaka glasi ijae.

Ukishuka tu kwenye treni ingia York Tap, iko hapohapo stesheni, zamani palikuwa mgahawa wa chai. Halafu tembea mpaka mtaa wa Fossgate kuna pabu ya Blue Bell, kadogo kama sebule, ndani mbao tupu karibu vilevile kama palivyotengenezwa 1903, mkienda watu kumi mtabanana. Ye Olde Starre Inne pale mtaa wa Stonegate inajitangaza ni ya 1644 ila mi naona watalii wamezidi.

Usikae mezani kusubiri mhudumu, utakauka! Nenda kaunta, omba kuonja kwanza, kwa kawaida hawakatai. Ikiwa chachu kama siki irudishe, mimi pabu moja nilibadilishiwa bila maneno. Na agiza nusu nusu, painti nzima ni mililita 568, ukipiga hivyo pabu zote tatu treni ya jioni utaisikia tu ikiondoka.